Nyuso za Jasi

Karmuz, Iskandaria
18 Oktoba 1986

Mwanangu Insaf,

Salamu nyingi kwako na kwa mume wako Wagdi. Watoto wenu wazima. Wanakula, wanalala, wanagombana. Ramzi ameng'oka jino la mbele, sasa "sita" kwake inatoka "thita", na Nihal anamlazimisha kuhesabu kila mgeni akiingia.

Fedha ulizotuma za ile mashine ya michezo ya kuchomeka kwenye televisheni zimefika. Sijainunua, na usininunie. Nimeziweka kabatini chini ya shuka, utazikuta. Unaniuliza kizee kama mimi nitawachangamsha kwa kitu gani watoto wa siku hizi mpaka vibali vyao vya kuja huko vitoke. Laiti ungetuona! Ijumaa asubuhi tunachambua dengu, na atakayeokota mawe mengi ndiye anayechagua hadithi ya jioni. Magazeti ya marehemu baba yako, yale uliyokuwa ukinipigia kelele niyatupe, tunayakunja mashua na kofia za polisi. Tumeotesha maharage kwenye pamba, kila mmoja na kopo lake, na Ramzi anayaimbia ya kwake ili yayapite ya dada yake. Vifungo vyangu vimekuwa jeshi. Jioni tunawasha taa moja na kutengeneza vivuli vya mikono ukutani. Yote haya hayajanitoa hata kirashi kimoja mfukoni.

Lakini mchezo wanaoupenda kuliko yote wameugundua wenyewe. Unaweka gololi kwenye kizingiti cha chumba changu. Huisukumi, unaiachia tu. Inatulia kidogo kama inafikiri, kisha inaondoka polepole, inapita chini ya meza ya chakula mpaka ukuta wa roshani. Siku zote upande ule ule. Ramzi anasema kuna jini anaziita. Nikamwambia, "Basi huyo jini fukara, mpaka anaiba gololi za watoto." Wiki hii naona zinakwenda mbio zaidi, au labda ni miye ninayezeeka.

Makelele ambayo utayasikia nikipiga simu kutoka duka la dawa la chini ni ya mwenye nyumba, Haji Shalabi. Anaongeza ghorofa nyingine juu ya ile aliyoongeza mwaka jana. Saruji inadondokea nguo zangu kambani. Nilikutana naye ngazini nikamwuliza, "Haji, unajenga mpaka umfikie nani huko juu?" Akacheka: "Nijenge wapi, Hajjat, na chini mmenijaa ninyi wa kodi ya enzi ya babu yangu?"

Mama yako,
Ratiba

*

Salmiya, Kuwait
30 Oktoba 1986

Mama yangu mpenzi,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nimekasirika. Wifi yangu Tahani aliwapitia wiki ile, kisha akamwandikia kaka yake kwamba amewakuta watoto wake sakafuni wanaokota mawe kwenye dengu kama vijakazi. Unafikiri nilijisikiaje? Nashinda nimesimama kliniki mpaka miguu inavimba, halafu nisikie wanangu ni vijakazi. Nunua ile mashine, Mama. Si kila kitu kinachotoka kwangu ni cha kuwekwa chini ya shuka.

Haya, nimeshasema, yameisha. Ninapata wivu tu. Mimi hukunikunjia mashua za magazeti, ulikuwa na cherehani na foleni ya mkate.

Ile habari ya jini ilinivunja mbavu. Wagdi hakucheka. Aliniuliza sakafu yako iliwekwa lini, na kama ukuta wa roshani ndio ule wa upande wa mfereji. Huyu bwana ni fundi vigae hata usingizini.

Likizo ya katikati ya mwaka kwa nini usiwapeleke Damanhur kwa mama mdogo Attiyat? Najua utasema ukilala nje siku mbili tu Shalabi atabadilisha kufuli. Fikiria lakini.

Binti yako,
Insaf

*

Karmuz
12 Novemba 1986

Mama,

Bibi anafikiri naandika insha ya shule. Barua hii ataiposti baba yake Mervat, anafanya kazi bandarini. Mervat ni rafiki yangu, chumba chake kimegusana na chetu, ukuta ni mmoja. Ana miaka kumi kama mimi lakini amenizidi urefu.

Tuna posta yetu. Kuna ufa nyuma ya kitanda changu ambao unatokea kwao. Mwanzoni ilikuwa inapita karatasi moja tu, tena ukiikunja inakwama. Baadaye ikawa inapita penseli. Jumapili Ramzi aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, Mervat akamkamata vidole upande wa pili, Ramzi nusura ajikojolee. Tulicheka mpaka mama yake Mervat, Mama Karima, akaja kuuliza nani anakufa.

Juzi tulicheza sanamu. Mtu wa manispaa alikuja, na Bibi akasema atakayepumua kwa sauti ameshindwa. Tulikaa chini ya meza. Mtu akagonga, akaita, "Hajjat, tunajua mpo. Tunataka kuangalia kuta tu." Bibi alikuwa amejiziba mdomo na mtandio. Nilidhani anacheka. Jumba zima lilicheza, Mama, hakuna mlango hata mmoja uliofunguliwa. Ramzi ndiye aliyeshinda, akapewa pipi.

Alipoondoka Bibi alitundika lile zulia la picha ya Kaaba juu ya ufa wetu. Sasa tukitaka kutuma barua tunaliinua.

Mimi sijambo. Nataka soksi.

Nihal

*

Salmiya
22 Novemba 1986

Mama Hajjat Ratiba,

Baada ya salamu na heshima. Ni mimi Wagdi, na samahani mwandiko wangu, mkono umezoea mwiko kuliko kalamu. Barua ya Nihal imetufikia. Usimwadhibu, tafadhali. Insaf sijamwambia yote ninayoyafikiri, siku hizi analia kwa kitu kidogo.

Mama, gololi ikiondoka yenyewe maana yake sakafu imelala upande. Ufa unaopitisha mkono wa mtoto hauko kwenye lipu peke yake. Na Shalabi anapandisha matofali juu ya kuta zilizojengwa kubeba ghorofa nne. Huenda nyumba ililala zamani ikatulia, zipo za namna hiyo Iskandaria nzima. Huenda bado inaendelea kulala. Kwa barua siwezi kujua, ila wewe unaweza.

Nunua unga wa jasi kidogo kwa fundi yeyote. Ikande na maji, kisha ubandike madonge bapa kama chapati ndogo juu ya ufa, yashike upande huu na upande huu. Andika tarehe. Jasi ikikauka haivutiki. Nyumba ikisogea unene wa unywele, donge litapasuka. Likipasuka moja tu, usingoje barua yangu. Vaa viatu, chukua watoto, nenda kwa mama mdogo Attiyat. Vyombo viache.

Najua wapo wapangaji waliotishwa kwa maneno kama haya mpaka wakahama, na nyumba ikauzwa kesho yake. Mimi sina haja na nyumba, mama. Nina haja na waliomo.

Mwanao,
Wagdi

*

Karmuz
1 Desemba 1986

Mwanangu Wagdi,

Barua yako nimeipokea na jasi nimeinunua. Nikaona haifai kuwatia watoto hofu, basi tumeifanya mchezo. Kila donge lililokauka tumelichora uso. Yupo Bwana Mashavu, yupo Mama Samaki, na yule mwenye masharubu Ramzi amemwita Shalabi. Asubuhi mtoto anaruka kitandani anakwenda kuwaamkia mmoja mmoja: "Shalabi, umeamkaje?" Hakuna aliyepasuka. Wote wazima, lala usingizi.

Sasa nisikilize na wewe. Waliokaa mtaa wa nyuma, manispaa iliwatoa mwaka jana. Waliambiwa ni kwa muda. Mpaka leo wamo kwenye mahema kando ya mfereji, wanawake wanaoga nyuma ya magunia. Nyumba yao haikuanguka. Imevunjwa, panajengwa nyingine, na wao hawamo. Ndiyo maana hapa tulikubaliana hakuna wa kufungua mlango. Karima, mama yake Mervat, alitaka kumfungulia yule mtu. Nilimfuata jikoni kwake nikamwambia, "Karima, nyumba imetulia. Mkwe wangu ni fundi, amenipa kipimo, nakitazama kila siku. Ukifungua unatuhamisha wote." Alinishukuru. Siku hizi ananiletea mkate wake akioka.

Nimeingia humu bibi harusi, baba yake Insaf nimemtoa humu kwa jeneza. Attiyat ni mdogo wangu na nampenda, lakini nyumba yake ni ya mume wake, na mimi ni mtu wa kuinuka asubuhi nikafungua dirisha langu.

Dhoruba ya Makinsa imekuja ikafagia mitaa kama jina lake, Fagio, lilivyo, na hatukuona kitu. Sasa tunaingoja ya Qasim.

Mama yenu,
Ratiba

*

Karmuz
5 Desemba 1986

Baba,

Mjomba wa Mervat anaruka kuja huko kesho, ataipeleka barua hii kwenye kazi yako.

Bibi anasema uongo lakini usimkasirikie. Nyuso zinapasuka. Akiamka kuswali alfajiri anazikagua, na iliyopasuka anaikwangua kwa kisu, anabandika mpya na kuchora uso ule ule kabla Ramzi hajaamka. Nimejua kwa sababu Bibi hawezi kuchora masikio. Bwana Mashavu wa sasa hana masikio. Mama Samaki pia. Jana asubuhi hata Shalabi hana.

Mlango wa jiko haufungi. Wa choo haufunguki mpaka Bibi ausukume kwa bega. Ramzi hataki tena gololi, anasema zinamtisha zinavyokimbia. Mchanga unadondoka kutoka juu, tunafunika chakula.

Na ndani ya ukuta kuna sauti kama mtu anatafuna mkate mkavu. Nilimwuliza Bibi ni nini. Akasema tucheze kukisia. Mimi nikasema panya, Ramzi akasema bomba. Bibi hakusema yeye anakisia nini.

Leo mvua ya Qasim imeanza. Tafadhali usimwambie kama nimekuambia.

Nihal

*

Salmiya
13 Desemba 1986

Mama,

Barua ya Nihal imefika jana. Wagdi aliisoma amesimama, akaketi chini sakafuni na nguo zake za kazi. Ndipo akanieleza kila kitu, jini, jasi na yote.

Unabandika nyingine? Unachora uso, Mama? Kwa watoto wangu? Nilikuwa nakugombeza kwa ajili ya dengu, kumbe ningekubusu mikono kwa ajili ya dengu. Ulitaka kumdanganya nani? Ukuta?

Ondokeni. Leo, saa hii, na mvua hiyo hiyo. Sitaki kusikia habari ya kufuli. Shalabi achukue nyumba, achukue na kabati na shuka zake. Utakaa na mimi, na kama hutaki kukaa na mimi nitakupangia chumba chenye dirisha popote utakapo, nitakilipia mpaka nife.

Wagdi yuko posta ya simu tangu asubuhi. Anapiga duka la dawa la chini waje wakuite. Haiingii. Anasema siyo kwamba inaita haipokelewi, haiiti kabisa. Mfanyakazi wa simu kamwambia tangu Jumatano laini hiyo imekufa, labda ni mvua.

Ni mvua tu, sivyo? Mama, nijibu.

Insaf

*

Damanhur
21 Desemba 1986

Mwanangu Insaf,

Najua telegramu ya Attiyat ya kwamba tu hai ilichelewa kuwafikia. Siku tatu sikuweza kutamka anwani yenu. Barua yako ya tarehe 13 tarishi aliipeleka Karmuz, akakuta hakuna mlango wa kuipenyeza, akampa muuza maharage wa kona, naye amenitumia. Nimeisoma. Yote uliyoyaandika ni kweli. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, wala sitakuficha.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Shule zilifungwa kwa mvua, watoto wote wako nyumbani. Nilikuwa nabandika jasi. Nilikuwa bado nalilainisha donge kwa kidole, maji hayajakauka, likapasuka chini ya kidole changu. Nikahisi ukuta unapumua. Sina neno jingine.

Niliwavalisha viatu. Ramzi akauliza, "Tunakwenda wapi?" Nikasema, "Tunashindana kufika kwa muuza maharage." Nihal alinitazama tu, akaacha koti lake, akambeba mdogo wake. Mtoto alielewa.

Nikagonga milango. Wa juu wengine walitoka na mito kichwani. Umm Gharib, jirani yetu, alitoka na kuku. Mlango wa Karima ndio nilioanza nao, Insaf, ujue hivyo. Alifungua, mikono ina unga. Nikamwambia, "Toka, mwanangu, nyumba inakwenda." Akaguna. "Hajjat, Mervat ana homa, nje mvua. Juzi tu umesema imetulia."

"Nilikosea."

"Ulikosea lini? Jana ulikula mkate wangu pale pale ulipo sasa, ukasema imetulia."

"Nilikosea jana. Nipe huyo mtoto, nimfunike kwa baibui langu."

Akanitazama. Nikaona anafikiria, na nikaona ananiamini, lakini ananiamini mimi wa jana. Akasema, "Ngoja nitoe mikate isiungue, nimvalishe sweta. Nakuja nyuma yako." Ningeweza kuingia nikamchukua mtoto kwa nguvu. Nihal alikuwa ngazini ananiita, vumbi linashuka. Nikashuka na wangu.

Tulikuwa tumefika kwa muuza maharage. Jumba lilishuka taratibu, kama mtu mzima anavyoketi, ghorofa mpya za Shalabi zikija juu yake. Kisha upepo ukatupiga, mtaa mzima ukawa mweupe. Ramzi akasema, "Bibi, nimeshinda?" Alikuwa wa kwanza kufika. Hakuwa ameelewa bado.

Karima walimpata jioni ile, na Mervat kesho yake. Alikuwa amevaa sweta. Baba yake alikuja kutoka bandarini, akachimba kwa mikono pamoja na askari. Mimi nilikaa kwenye kiti cha muuza maharage, na kila aliyepita alinipa pole. Umm Gharib alikuwa anawaambia watu, "Huyu ndiye aliyetugongea, huyu ndiye aliyetuokoa." Watu wakanishika mikono. Nikawaacha wanishike.

Shalabi wamemkamata. Wakili wake anasema mteja wake hana kosa, manispaa ilileta mkaguzi na wapangaji wenyewe wakajifungia ndani. Jana Umm Gharib amepanda gari-moshi mpaka huku kunisihi. "Ratiba, sote tumekubaliana. Sema hakuna mtu aliyekuja. Tukisema alikuja, yule mbwa anatoka kesho, na sisi hatupewi hata chumba."

"Na Karima?" nikamwuliza.

"Karima hatarudi kwa maneno yako."

Hana uongo. Nimezunguka na maneno yake usiku kucha. Lakini kesho naitwa kwa mwendesha mashtaka, na nitasema mtu alikuja. Nitasema Shalabi alijenga, nitasema na mimi nilijificha chini ya meza na watoto, na nitasema nani aliyekwenda jikoni kwa Karima. Huenda Shalabi atatoka jela. Huenda mimi ndiye nitakayebaki humo ndani. Sijui sheria.

Nihal nilikuwa nimemficha habari ya Mervat. Nilimwambia yuko hospitali. Leo baada ya chakula alikuja akasimama mbele yangu. "Bibi, ulijua?"

Nilitaka kumwuliza nilijua nini. Ningeweza. Ana miaka kumi, ningemzungusha.

Nikasema, "Nilijua."

"Na Mervat hayuko hospitali."

"Hayuko hospitali."

Hakulia. Alikwenda kukaa na Attiyat jikoni, na tangu hapo hajanisemesha. Ramzi akinijia na karatasi nimkunjie kitu, dada yake anamwita.

Unakuja Jumamosi kuwachukua, Attiyat amenisomea telegramu yako. Ni haki yako. Mimi usinitafutie chumba kwanza, tuone ya kesho.

Nimekwisha andika hivi, Nihal ameingia. Amesema, "Kesho nakuja na wewe. Mimi nilimsikia yule mtu alivyogonga. Najua maneno aliyosema." Nimemwambia hapana, mahali pale si pa mtoto. Amekwenda kuchukua viatu vyake, sasa amekaa mlangoni, amevivaa, na gari-moshi ni la kesho.

Mama yako,
Ratiba